Mapacha wa Mustang: mmoja mafichoni, mwenzake jalalani

Wiki hii naomba tuache kidogo habari za viatu na nani kaachana na nani, tuingie gereji. Msiogope kina dada, nguo hazitachafuka. Leo hatushiki oili, tunashika namba.

Hebu fikiria una Mustang mbili za mwaka 1968. Zote zina ule mgongo wa mteremko, zote kijani iliyokolea, zote zina injini ileile kubwa na gia nne za mkono, zote zimetoka kiwanda kimoja. Ya kwanza ukiipeleka mnadani unapata bei ya gari zuri la zamani, unamshukuru Mungu, unarudi nyumbani. Ya pili inagongwa nyundo, na ukijumlisha gharama za mnada inafika dola milioni 3.74. Shilingi piga mwenyewe, kalkuleta yangu imegoma. Na tofauti yenyewe huioni kwa macho. Iko kwenye herufi na tarakimu 11 zilizogongwa kwenye bati: 8R02S125559.

Hilo si fumbo langu. Ni namba ya kweli ya gari la kweli, lililouzwa Kissimmee, Florida, Januari 2020. Ndilo gari aliloendesha Steve McQueen katika filamu ya "Bullitt" ya mwaka 1968. Kama hujaiona itafute. Hadithi yenyewe ya upelelezi unaweza ukasinzia (samahani kwa wanaoipenda), ila subiri ile sehemu Mustang ya kijani inapoanza kufukuzana na Dodge Charger nyeusi kwenye vilima vya San Francisco. Dakika kama 10 hivi, hakuna muziki, ni ngurumo za injini tu, magari yanaruka kwenye mteremko na kutua kwa kishindo mpaka unaionea huruma chesisi. Filamu hiyo ilipata Oscar ya uhariri, na mimi naamini hizo dakika 10 ndizo zilizoileta. Wakali wote wa kufukuzana kwa magari waliokuja baadaye, hata hawa wa siku hizi wenye magari ya kuruka kutoka kwenye ndege, wamelamba sahani hiyo.

Sasa kwenye kutengeneza filamu walitumia Mustang mbili, si moja. Moja ya kuonyesha sura ya bwana mkubwa, nyingine ya kupigizwa chini. Na mbili hizo zilikuwa na namba zinazofuatana: ya kupigizwa ilikuwa 125558, ya kuonyesha sura 125559. Mapacha kabisa. Baada ya filamu kila mmoja akashika njia yake, wakapotezana. Kuja kuwatambua tena ndiyo stori ya leo, na huwezi kuielewa kama hujui kiwanda cha Ford kilikuwa kinaandikaje namba zake. Kwa hiyo kaa vizuri kidogo.

Zisome nami taratibu. Ile 8 ya mwanzo ni mwaka, 1968. Herufi R ni kiwanda. Mwaka huo Mustang zilikuwa zinaundwa sehemu tatu za Marekani: F ni Dearborn, Michigan, kwa baba mwenyewe; T ni Metuchen, New Jersey; na R ni San Jose, California. Inayofuata, 02, ni umbo la bodi, yaani ule mgongo wa mteremko. Ingekuwa 01 lingekuwa gari la paa la kawaida, 03 lile la paa la kukunja. S ni injini, V8 ya inchi za ujazo 390. Kwa hiyo ukiona mtu anajigamba ana 390 halafu namba yake ina C, huyo ana injini ya 289 kwenye karatasi na mdomo wa 390. Halafu tarakimu sita za mwisho ni namba ya gari lenyewe, na kila kiwanda kilianza hesabu yake na 100001.

Hapo pana mtego wanaponasia wengi. Namba hizo hazimaanishi kwamba gari namba moja ndilo la kwanza kutoka mlangoni. Namba ilifuata makaratasi ya oda, lakini kwenye mstari wa kuunda magari yalipita kwa jinsi kiwanda kilivyojipanga, hivyo la nyuma lingeweza kumtangulia la mbele. Mfano mtamu ni Mustang yenye namba 5F08F100001, nyeupe, paa la kukunja. Ilipelekwa kwa wakala mmoja huko Newfoundland, Kanada, ikae pale kama mapambo. Aprili 1964, kabla Mustang haijazinduliwa rasmi tarehe 17, rubani mmoja aitwaye Kapteni Stanley Tucker akaiona, akaitaka, akauziwa! Ford waliposhtuka gari lao namba moja liko mikononi mwa mtu, wakaanza kumbembeleza. Tucker akaendelea kula upepo wa bahari kama miaka miwili, ndipo akakubali kubadilishana na Mustang mpya iliyoandikwa kama ya milioni moja na kitu. Ile nyeupe leo iko kwenye makumbusho ya Henry Ford huko Dearborn. Mnaona? Namba tu hiyo, wala gari halikuwa na ufundi wowote wa ajabu.

Turudi kwenye 1968. Namba yenyewe iko wapi? Kuna kibati juu ya dashibodi kinachosomeka kupitia kioo cha mbele. Mwaka huo Ford walikiweka upande wa abiria, na 1969 wakakihamishia upande wa dereva. Kwa hiyo ukiletewa Mustang ya 1968 yenye kibati mbele ya usukani, muulize mwenye nayo maswali, tena ukiwa umesimama karibu na geti. Kuna kibati kingine mlangoni chenye umbo, rangi, viti, tarehe, difu na giaboksi. Kijani ya McQueen, kwa mfano, mwaka 1968 iliandikwa R. Miezi nayo iliandikwa kwa herufi, A ni Januari, B Februari, na kuendelea, ila herufi I waliiruka isije ikachanganywa na moja.

Lakini kibati cha mlangoni msikiamini sana. Hicho kimeshikiliwa na ripiti tu, na kuna watu wanatengeneza vipya. Namba ya kuaminika ni ile iliyogongwa kwenye bati la bodi lenyewe, kule ndani chini ya boneti, ambako sehemu nyingine inafunikwa na madigadi. Mpaka ufungue bolti, utoe madigadi, usugue kutu na rangi ya miaka 50, ndipo tarakimu zitokee. Fundi wa feki anaweza kubadili vinavyoonekana, vya mafichoni mara nyingi anavisahau au hata hajui kama vipo. Wale wabishi zaidi hukata kipande chote chenye namba toka kwenye gari lililokufa wakakichomelea kwenye jingine. Hapo ndipo mkaguzi anaacha kuangalia namba, anaanza kuangalia mstari wa kulehemu.

Tena kuna vyuma vyenyewe. Spea nyingi za Ford za miaka hiyo zimeandikwa. Ukikuta C8Z mwanzoni, C ni miaka ya sitini, 8 ni mwaka wa nane wake, Z ni Mustang. Kwenye bloku la injini kuna tarehe ya kumiminwa chuma, tuseme 8A9, maana yake 9 Januari 1968. Sasa fikiria kidogo. Injini lazima imiminwe kabla ya gari kuundwa. Kama gari liliundwa Januari na bloku linasema Aprili, basi hiyo injini iliingia baadaye, hata kama inanguruma vizuri namna gani. Hesabu ya darasa la tatu, lakini imewaliza matajiri.

Na hili si la Wamarekani peke yao, tusijifanye. Mtaani kwetu kuna kaka mmoja alinunua pikiapu iliyotumika, safi, imepigwa rangi inang'aa hadi unajiona. Siku ya kubadili jina, kadi inasema namba ya injini hii, bloku linasema nyingine. Aliyemuuzia simu haishikiki. Miezi kadhaa anapanda na kushuka ngazi za ofisi akieleza kwamba yeye si mwizi. Pikiapu imekaa nyumbani kuku wanatagia ndani. Huyo ukimwambia kuna watu wanafunua madigadi kusoma namba, hakucheki.

Basi, namba tumezisoma. Lakini namba inasema tu gari lilizaliwa wapi na likiwa na nini. Haikuambii oda ilitoka kwa nani, difu gani, redio gani, liliuzwa kwa wakala gani. Hayo yako kwenye daftari la kiwanda, na hapo kila kampuni ina tabia yake, kama koo.

Ford wana bahati. Kumbukumbu zao za kuanzia magari ya 1967 zilikuwa kwenye kompyuta na zimesalimika, na bwana mmoja aitwaye Kevin Marti wa Arizona alipewa kibali cha kuzitumia. Unampa namba, unalipa, unapata karatasi inayoeleza gari lako lilivyotoka kiwandani, hadi idadi ya yaliyofanana nalo. Karatasi hiyo huitwa Marti Report, na kwenye mnada wa Mustang ni kama cheti cha kuzaliwa. Mwenye Mustang ya 1965 hana daftari la aina hiyo, anabaki kuokoteza ushahidi kwenye chuma.

Pontiac nao kumbukumbu zao zipo, na ni muhimu kuliko za wote kwa sababu ya GTO. Ile ya 1964 na 1965 ilikuwa ni LeMans iliyoongezewa vitu vya moto, na namba yake ya kiwandani haisemi kabisa kama ni GTO. Yaani unaweza kuchukua LeMans ya mama mchungaji ukaibandika nembo. Bila daftari, unabaki kuapiana. Mpaka 1966 ndipo GTO ikapata namba yake yenyewe.

Chrysler walikuwa wanachapisha karatasi ya maagizo inayotembea na gari kwenye mstari, ili kila fundi ajue afunge nini. Wafanyakazi wakimaliza kuisoma waliisokomeza kwenye springi za viti wakaisahau. Leo watu wanachana viti taratibu kama wanafungua bahasha ya matokeo ya mtihani, wakitafuta kikaratasi kilicholiwa na panya. Corvette, za kuanzia mwaka 1967, karatasi ilibandikwa juu ya tangi la mafuta. Unashusha tangi zima kwa ajili ya karatasi! Mimi naipenda sana hiyo. Eti mali ya dola laki kadhaa inategemea gundi ya mfanyakazi aliyekuwa anawahi chakula cha mchana.

Sasa mapacha wetu.

Yule 559, mwenye sura, aliuzwa baada ya filamu kwa mtu wa palepale studio. Akapita kwa mpelelezi mmoja wa polisi New Jersey, na mwaka 1974 likatoka tangazo kwenye jarida la magari la Road & Track. Baba mmoja wa New Jersey akalinunua kwa dola elfu chache. Unajua alilifanyia nini? Alilitumia. Mke wake, mwalimu, alikuwa anaendea shuleni kufundisha. Watoto wa shule wanamuona mwalimu anashuka kwenye gari la "Bullitt" na wao wanawaza mazoezi ya hesabu.

Mwaka 1977 McQueen mwenyewe akaandika barua. Anataka gari lake. Alieleza kwamba ana hamu nalo na atalitafutia yule mwenye nalo Mustang nyingine badala yake, almradi bei isiwe kubwa mno. Wengine tungelipeleka tukiwa tumeliosha, tena tungepiga picha. Yule bwana hakuuza. McQueen akafariki 1980 bila kulipata. Karibu na wakati huohuo klachi ikaleta matatizo, gari likaegeshwa. Familia ikahama, gari likahama nalo, mwisho likajikuta Tennessee. Dunia nzima ya wapenda magari inaulizana liko wapi, wao wamenyamaza. Siri ya nyumba, miaka karibu 40. Nawaheshimu sana. Sisi hapa mtu akinunua friji mtaa mzima unajua na bei.

Baba alifariki 2014. Kijana wake ndiye aliyeamua kulitoa, na kabla ya kupiga kelele alijua hataaminiwa. Mustang za kijani zinazodai kuwa za "Bullitt" ni nyingi kama mchanga. Kwa hiyo wakaitwa watu wa kulikagua, Kevin Marti akiwemo. Namba zikalingana. Barua ya McQueen ipo. Na chini ya bodi bado yapo mabomba yaliyochomelewa wakati wa kupiga filamu ili kufungia kamera, kitu ambacho hakuna kiwanda kinachofunga na hakuna mtu angekichomelea kwa ajili ya kwenda shule. Rangi imefifia, viti vimechakaa, na hawakulipiga msasa hata kidogo. Hapo walicheza kama Pele. Wangelipaka rangi mpya wangefuta nusu ya ushahidi kwa mikono yao wenyewe. Januari 2018 Ford wakalipandisha jukwaani kwenye maonyesho ya magari ya Detroit, watu wakapiga miluzi, na miaka miwili baadaye ndiyo ule mnada wa Kissimmee.

Yule 558, mpigwaji, yeye aliaminika amekufa. Alirushwa kwenye vilima vile hadi akachoka, na maneno yakawa kwamba alipelekwa kwenye chuma chakavu akapondwapondwa. Watu wakamfanyia matanga.

Mwanzoni mwa 2017, huko Baja California, Mexico, jamaa mmoja akapata bodi kuukuu ya Mustang ya 1968 iliyokuwa imetelekezwa. Mkweche hasa, hauna injini yake wala giaboksi lake, kutu kila kona. Mpango wake ulikuwa kuigeuza iwe nakala ya Eleanor, ile Mustang ya kijivu ya Nicolas Cage katika "Gone in 60 Seconds" ya mwaka 2000. Yaani gari la filamu moja likatwe livishwe sura ya gari la filamu nyingine, bila mtu kujua! Kabla msumeno haujafika mbali, wakaanza kufuatilia namba. 8R02S125558. Fikiria umesimama na grenda mkononi halafu mtu anakusomea hiyo.

Marti akasafiri hadi Mexico kuangalia kwa macho yake. Akakuta namba ni ya kweli na imegongwa na kiwanda. Akakuta pia sehemu zinazoshikilia shokomzoba za mbele zimeimarishwa kwa chuma cha ziada. Mustang ya kwendea ofisini haina haja ya hilo. Lina haja nalo gari lililoambiwa kwamba kesho utaruka. Kwa hiyo kila jeraha lililolifanya lionekane takataka ndilo lililogeuka shahidi wake. Likatolewa jalalani baada ya miaka 49, na ule mpango wa Eleanor ukafa palepale.

Wapo wanaouliza, na nimebishana nao kijiweni hadi chai ikapoa, thamani ya bodi isiyo na injini ni ipi? Injini si ndiyo gari? Mimi nasema hapana. Mwaka 1968 Ford walitengeneza Mustang 317,404, na zenye mgongo wa mteremko pekee zilizidi 40,000. Injini ya 390 utaitafuta utaipata, giaboksi utalipata, hata viti utashonewa. Kipande cha bati chenye 125558 kiko kimoja tu, na kiwanda kilichokigonga hakipo tena cha kugonga kingine.

Na hicho kiwanda, kwa wale wanaotaka kujua, kiliitwa cha San Jose lakini kilikuwa hasa kwenye mji wa jirani, Milpitas, kama kilomita 70 kutoka vile vilima vya San Francisco. Yaani mapacha walizaliwa mwendo wa saa moja tu kutoka mahali walipopatia umaarufu. Kilianza 1955, kikafungwa 1983. Jengo halikubomolewa. Mwaka 1994 lilifunguliwa upya likiwa maduka, Great Mall, na watu wananunua raba na jinzi palepale ulipopita mstari wa Mustang. Mwenye ndugu California amuagize raba, na wakati anasubiri chenji aangalie juu kwenye dari.